Ufunguo wa Wingu Uwe Mikononi mwa Nani?

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wenu mlicheka mliposikia. Mmeambiwa kwamba siku hizi mtu anaweza kukaa chini ya mwembe, simu mkononi, akaandika maneno mawili matatu, na kompyuta iliyo Johannesburg au hata Ulaya ikawashwa, ikazimwa, au ikafutwa kila kitu kilichomo. Mmeuliza kama ni kweli. Ni kweli. Mmeuliza pia kama jambo hilo lawahusu ninyi wa maziwa, wa maji, na wa kuweka na kukopeshana. Lawahusu, tena sana, kwa sababu kuna vikundi hapa ambavyo tayari hesabu zao ziko huko, na wanachama hawajui ni wapi hasa wala ufunguo anao nani.

Kwanza tulimalize hili neno "wingu". Hakuna kitu angani. Wingu ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye walinzi, jenereta na mitambo ya kupoza joto, na mwenye majumba hayo hukodisha kompyuta zake kidogo kidogo kwa yeyote anayelipa. Kampuni ya Amazon ilianza biashara hiyo mwaka 2006, kisha wakafuata wengine, na wakubwa wawili kati yao ni Microsoft na Google. Huku kwetu Afrika, Microsoft ilifungua majumba yake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Ni kama kinu cha posho. Wewe hununui kinu. Unabeba debe lako la mahindi, unasagiwa, unalipa kulingana na debe, unarudi nyumbani. Tofauti ni kwamba katika wingu unayasahau mahindi yako huko huko kinuni, miezi na miaka, na yeyote mwenye kitambulisho chako anaweza kuingia na kuyamwaga.

Sasa, kompyuta usiyoiona unaiamrishaje? Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kubonyeza picha na vidude kwenye skrini. Ya pili ni kuandika amri kwa maneno. Hii ya pili msiiogope, kwa maana mnaifanya kila siku. Mnapopiga *144# katika Safaricom kuangalia salio, hamchoragi picha yoyote. Mnaandika alama chache, mnatuma, jibu linarudi kwa maandishi. Hata simu ya mulika mwizi yaweza kazi hiyo. Kompyuta za wingu nazo zina lugha yao ya amri fupi namna hiyo, na mlango unaopokea amri hizo huitwa sheli. Si sheli ya petroli, tafadhali. Ni sheli kwa maana ya ganda, kama ganda la yai: kiini cha kompyuta kiko ndani, na wewe unazungumza na ganda. Mambo hayo si mageni. Mfumo uitwao Unix ulianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, na sheli iitwayo Bash, ambayo vijana wenu wanaitumia, iliandikwa na Brian Fox mwaka 1989.

Hapo awali, kijana aliyetaka kuamrisha kompyuta ya wingu ilimbidi awe na kompyuta yake mwenyewe, aweke programu maalumu ndani yake, na ahifadhi humo faili ya siri ambayo ndiyo ufunguo. Kompyuta ikiibwa kwenye matatu, kazi imesimama. Ndipo kampuni hizi zikatoa kitu kipya. Google ikaleta Cloud Shell mwaka 2015, Microsoft ikaleta Azure Cloud Shell mwaka 2017, na Amazon ikaleta AWS CloudShell mwezi wa Desemba 2020. Unafungua brauza, ile ile ya kusomea magazeti, unaingia kwenye akaunti yako, unabonyeza alama ndogo, na dirisha lenye maandishi matupu linafunguka. Kule mbali kampuni imekuwashia kompyuta ndogo yenye vifaa vyote tayari. Simu yako haifanyi kazi yoyote ila kupeleka herufi zako na kukuonyesha majibu. Google na Microsoft zina hata programu za simu zenye sheli hiyo ndani.

Faida yake mnaiona. Kifaa si kitu tena. Simu ikitumbukia chooni, kazi haikutumbukia nayo. Unaazima ya jirani unaendelea. Na kwa kuwa kinachopita ni maandishi, amri zenyewe hazili bando sana. Ukurasa wa kuingilia ndio mzito kidogo kufunguka, hasa huko mabondeni ambako mtandao unakuja na kuondoka.

Sheli hizi hazitozwi malipo zenyewe, ingawa kompyuta unazoziamrisha hulipiwa kama kawaida. Google humpa kila mtu kabati dogo la kuwekea faili, la GB 5, na saa 50 za matumizi kwa wiki. Amazon hutoa GB 1 katika kila eneo. Kwa Microsoft, ukitaka faili zako zibaki, kabati hilo unalilipia kidogo. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Ukiacha dirisha bila kuligusa, linafungwa: kwa Microsoft baada ya dakika 20, kwa Amazon baada ya dakika 20 hadi 30. Ulichoweka nje ya kabati lako kinapotea. Na kwa Google na Amazon, usipoingia kwa siku 120, kabati lenyewe linafutwa. Siku 120 ni miezi minne, yaani kutoka kupanda hadi karibu kuvuna. Kwa hivyo sheli ni mahali pa kufanyia kazi. Si ghala. Mtu asije akawaambia daftari la kikundi limehifadhiwa humo.

Wacha tuwaeleze yaliyotokea katika kikundi kimoja cha maziwa ambacho tunakifahamu. Hatutakitaja jina. Wanachama wanaleta maziwa alfajiri kwenye kituo, kilo zinaandikwa kwenye daftari, kisha karani anaziingiza kwenye simu, na mwisho wa mwezi programu inatoa hesabu ya kila mtu. Programu hiyo iliundwa na kijana wa hapo hapo kijijini aliyesomea kompyuta. Alikodi seva ndogo, akawafundisha karani na katibu, na kwa muda mrefu mambo yakaenda sawa. Baadaye kijana akapata kazi Doha, Qatar. Akaaga, akaenda.

Siku mbili kabla ya malipo, programu ikagoma. Karani anaingiza kilo, zinakataliwa. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba pesa zao zimeliwa. Mweka hazina, mama mmoja mtulivu sana, akampigia kijana kwa WhatsApp. "Mwanangu, maziwa yamekwama." Kijana alikuwa kwenye basi la wafanyakazi anarudi kulala. "Mama, nipe nusu saa." Akafungua brauza kwenye simu yake, akaingia kwenye sheli, akaamrisha seva imwonyeshe nafasi iliyobaki. Haikubaki nafasi. Seva ilikuwa imejiandikia kumbukumbu za kila siku, mistari juu ya mistari, mpaka diski ikajaa. Akazifuta zile za zamani, za mashine, si za maziwa, akaiwasha programu upya. Kabla hajashuka kwenye basi, karani alikuwa anaingiza kilo. Watu walipigiwa makofi pale kituoni ambao hata hawakuwapo.

Lakini yule mama mweka hazina hakupiga makofi. Aliitisha kikao cha kamati, akauliza maswali yake moja moja. Akaunti iko kwa jina la nani? La kijana. Kadi inayolipia? Ya kijana, kikundi kinamrudishia kwa M-Pesa. Ile nambari ya uthibitisho, inayokuja kwa ujumbe mtu akitaka kuingia, inakwenda wapi? Kwa laini yake ya Kenya, ambayo alikuwa bado anaibeba kule Doha. "Na laini ikikufa?" akauliza mama. Mnajua laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na nambari ikauziwa mtu mwingine. "Na mtoto wa watu akipata ajali kule? Na sisi tukikosana naye?"

Hapo ndipo penyewe. Kijana yule ni mwaminifu, na tunamheshimu. Swali la mama halikuwa juu ya uaminifu. Hata benki hamwambii mwenyekiti, "Kwa kuwa wewe ni mwaminifu, weka akaunti yetu kwa jina lako." Mna watia sahihi watatu. Mkiwa na sanduku la akiba mnaweka kufuli tatu, na watu watatu wenye funguo, kila mmoja nyumbani kwake. Mmezoea hivyo kiasi kwamba hamfikirii tena. Lakini wingu halikuzaliwa na kufuli tatu. Lilizaliwa na moja. Mtu mmoja, simu moja, mstari mmoja, na hakuna karani wa dirishani atakayesema, "Mama, mwenzako wa pili yuko wapi atie sahihi?" Zile kufuli nyingine mbili ni juu yenu kuziweka.

Mtu atasema tunawatisha. Basi tuangalie yaliyowapata wakubwa. Tarehe 28 Februari 2017, mfanyakazi wa Amazon alikuwa akishughulikia tatizo la mfumo wa malipo. Alitaka kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri aliyoandika ikawa na kosa, na zikaondoka seva nyingi kuliko alivyokusudia. Kwa saa zaidi ya nne tovuti na huduma nyingi duniani zikayumba. Huyo alikuwa na kibodi nzuri na meza nzuri. Sasa fikirieni simu, yenye herufi ndogo, inayopenda kukusahihishia maneno usiyoyaomba na kuanza kila sentensi kwa herufi kubwa. Katika sheli hizi herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili mbalimbali, na nafasi iliyowekwa mahali pabaya inabadili maana yote. Amri iitwayo rm, herufi mbili tu, hufuta faili, na haina kapu la taka ambako ungeenda kuokota. Kazi ya kuangalia, simu yatosha. Kazi ya kufuta, afadhali kungoja kibodi, au angalau kuiandika amri mahali pengine kwanza, kuisoma, mwenzako naye aisome, ndipo kuipeleka.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akifanya kazi usiku na amechoka, alifuta faili katika seva ambayo siyo. Alidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alipogundua na kusimamisha, kati ya GB 300 hivi zilibaki kama 4.5. Lakini hilo si baya zaidi. Walipokwenda kutafuta nakala za akiba, wakakuta zile walizodhani zinachukuliwa kila siku hazikuwa zikichukuliwa, kwa muda, na hakuna aliyejua. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Ya saa hizo sita yalipotea.

Tena kuna Code Spaces. Hii ilikuwa kampuni ya kuwahifadhia watu programu zao, na kila kitu chao kilikuwa kwa Amazon. Mwezi wa Juni 2014, mhalifu alipata njia ya kuingia kwenye akaunti yao, akadai pesa. Walipojaribu kumfungia nje, akaanza kufuta. Alifuta seva, akafuta faili, akafuta na nakala za akiba, kwa maana hata nakala zilikuwa chini ya ufunguo ule ule. Kampuni ilifunga. Haikufilisiwa na moto wala mafuriko. Ilifungwa na mtu aliyekaa kwenye kiti mahali fulani akiwa ameingia kwa jina lao.

Linganisheni na UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. Mwezi wa Mei 2024 mfumo wao uliokuwa kwa Google ulifutwa, kwa sababu mfanyakazi wa Google, wakati wa kuuweka, aliacha nafasi moja tupu bila kujaza, na mtambo ukaelewa kwamba mkataba una mwisho wa mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha, ukafuta. Wanachama hawakuweza kuziona akaunti zao kwa siku kadhaa. Lakini mfuko ule ulikuwa umeweka nakala pia kwa kampuni nyingine, chini ya ufunguo mwingine, na wakaweza kusimamisha mfumo tena. Pesa za wazee hazikupotea.

Turudi kwa yule mama. Kikundi chake kilifanya hivi, na tunaona ni mfano mzuri, ingawa kila kikundi kina mazingira yake. Walifungua anwani ya barua pepe kwa jina la kikundi. Kijana, akiwa Doha, akaiongeza anwani hiyo iwe mwenyewe halisi wa mradi kwenye wingu, kisha akajipunguzia yeye haki zake. Jambo hili la haki wengi hawalijui. Akaunti za wingu hukuruhusu kumpa mtu haki ya kuangalia tu, au kuwasha na kuzima seva bila kufuta, au kugusa mradi mmoja bila kuona mwingine. Sheli haina nguvu zaidi ya mtu aliyeingia. Akiingia mwenye haki ya kuangalia, sheli nayo itaangalia tu. Akijaribu kufuta, itamkatalia. Karani sasa anaangalia. Kijana anatengeneza. Kufuta mradi au kubadili malipo hakuna anayeweza peke yake.

Mtauliza, hakuna peke yake vipi, na tumesema kufuli ni moja? Waligawa ufunguo wenyewe. Neno la siri la akaunti ya kikundi analijua katibu. Nambari ya uthibitisho inakuja kwenye simu ya mweka hazina. Wakitaka kuingia kwa akaunti hiyo kuu lazima wakae pamoja, kama vile mnavyokwenda benki pamoja. Na kwa kuwa simu huibiwa, Google hutoa nambari 10 za akiba unazoweza kuzichapisha, kila moja hutumika mara moja tu. Karatasi hiyo iko kwenye sanduku la kufuli tatu, pamoja na cheti cha usajili. Tunajua katika vikundi vingine neno la siri limebandikwa ukutani kando ya kalenda. Libandueni.

Kuna na kitabu ambacho wingu hujiandikia lenyewe: nani aliingia, saa ngapi, akabadili nini. Kwa Amazon unaweza kuangalia ya siku 90 zilizopita bila malipo. Kwa Google, kumbukumbu za mabadiliko ya usimamizi hukaa siku 400, na hata mwenye akaunti hawezi kuzizima. Wakaguzi wa vikundi wajifunze kuiomba orodha hiyo wanapokagua vitabu, sawa na wanavyoomba stakabadhi.

Sasa juu ya saiba. Tumesema kifaa chochote chaweza kutumika. Chaweza, ndiyo, lakini si kila kifaa ni cha kuaminiwa. Ile alama ya kufuli kwenye brauza inamaanisha njia ya kati yako na kampuni imefungwa, mtu wa njiani hasomi. Haisemi lolote juu ya kompyuta unayoiandikia. Kompyuta ya saiba yaweza kuwa na programu iliyojificha inayoandika kila kidole chako kinapogusa. Si lazima mwenye saiba awe mbaya. Mteja wa jana alitosha. Na hata bila hila hiyo, watu huondoka bila kutoka kwenye akaunti, anayekaa baada yao anakuta mlango wazi. Wizi wa neno la siri una umri wa neno la siri lenyewe: katika ile kompyuta ya chuo cha MIT, mojawapo ya za kwanza kutumia maneno ya siri, mwanafunzi Allan Scherr aliyachapisha yote mwaka 1962 ili apate muda zaidi wa kuitumia. Kwa hiyo akaunti kuu ya kikundi isifunguliwe saiba kamwe. Ikibidi sana, ingia kwa yule mwenye haki ya kuangalia tu, tumia dirisha la faragha, na utoke kabisa kabla ya kusimama.

Pesa pia. Mwizi akiingia kwenye wingu lenu mara nyingi hataki kilo zenu za maziwa. Anawasha seva kubwa kubwa kwa jina lenu achimbe sarafu za kompyuta, na ankara inakuja kwenu kwa dola. Wekeni onyo la bajeti, ili matumizi yakizidi kiasi fulani ujumbe uwafikie. Lakini jueni, onyo ni onyo tu. Kwa Google kwa mfano, kuweka bajeti hakuzimi kitu. Seva zitaendelea kula mpaka mtu azizime. Basi onyo liende kwa watu watatu, si kwa yule mmoja asiyefungua barua pepe.

Na sheria ipo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kikundi kinachoweka majina, nambari za vitambulisho na simu za wanachama kina wajibu wa kuzilinda. Mkiulizwa, "tulimwachia kijana" si jibu.

Baada ya mazungumzo haya maswali yalikuwa mengi, nasi tunayaandika mawili.

Mzee mmoja alisema, "Kama hatari ni nyingi hivi, si afadhali turudi kwa daftari?" Tulimjibu kwamba daftari halikuondoka, na lisiondoke. Lakini daftari nalo linanyeshewa, linaliwa na mchwa, na lina ufunguo mmoja pia, yaani yule anayelala nalo. Kikundi cha maziwa kila Jumamosi kinachukua nakala ya hesabu zote, kinaweka moja kwa kampuni nyingine isiyo ile ya seva, na nyingine kwenye flashi inayokaa kwa mwenyekiti. Mara moja kwa mwezi wanaifungua ile nakala na kulinganisha kilo za wanachama watano na daftari, kuona kama inafunguka kweli. Kazi hiyo haizidi muda wa kunywa chai.

Swali la pili liliulizwa kwa sauti ya chini, na tunadhani liliwahusu wengi. "Kijana wetu hataki kutoa ufunguo. Tufanyeje?" Msianze na polisi, wala msimtukane. Mara nyingi anadai malipo ya kazi aliyofanya usiku na hakuna aliyemlipa. Mwiteni na wazee wawili anaowaheshimu, mlipeni haki yake, na kitu cha kwanza mkiombe kiwe nakala ya hesabu zenu, kabla ya kugusa habari ya neno la siri. Nakala mkishaipata, hata akibadili nia mnaweza kukodi seva nyingine na kuanza upya, safari hii kwa jina la kikundi. Msitegemee kampuni ya wingu kuwakabidhi akaunti yake. Kwao mwenye akaunti ni yule aliyeifungua, na barua ya chifu haitabadili hilo. Akikataa kabisa, yako madaftari ya kituoni. Kilo za miezi mitatu, vijana wawili wanaoandika haraka na karani wa kuwasomea watazimaliza.